Mwaka wa Kumi na Saba

Cheni ikichoka hulia, alisema Fundi Mkwizu,
inakuamshia majirani kila asubuhi.
Mkanda haulii.
Unazunguka kimya, unazunguka kimya,
halafu siku moja, palepale Riverside, katikati ya foleni,
vali na pistoni zinasalimiana kwa vichwa.

Sasa nitajuaje?
Akafuta mikono kwa kitambaa chenye oili kuliko mikono.
"Kilomita laki moja, mama. Usizidishe."

Mita ilisoma elfu tisini na nne, mia mbili na kumi.
Nikapiga hesabu nyuma ya kadi ya dawa:
Goba hadi Muhimbili, kwenda na kurudi, zamu sita kwa juma;
mkanda, tensheni, wota pampu
("ukishahamisha kitanda, fagia na uvunguni"),
ufundi wake, jumla laki nne na ishirini.
Kikoba kinanifikia Novemba. Hii ni Juni.
Zilizobaki, elfu tano mia saba na tisini,
ziliingia Novemba kama ufunguo kwenye kitasa.
Niliipenda mno hesabu ile.
Hapo ndipo ningeogopa.

Jumamosi nikifuta vumbi chini ya boneti
nikakuta stika, imepauka, pembe moja imebanduka.
Kijapani. Sikuambulia kitu, ila tarakimu:
kumi na saba, sita, na elfu themanini na nane mia nne.

Nilichukua gari hili likisoma elfu arobaini na moja.
Basi lilitembea kinyumenyume baharini kote,
lilikuwa likipunguza umri
kama mchezaji wa timu ya vijana.

Nikajifariji na ile kumi na saba.
Elfu mbili kumi na saba, nikasema, mkanda bado mbichi,
na Novemba yangu ikarudi kukaa mahali pake.

Msechu, jirani, anayetoa magari bandarini,
aliinama, akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Hao huhesabu miaka kwa kiti cha mfalme, dada.
Kumi na saba ya yule ni elfu mbili na tano."

Mwanangu Tumsifu kazaliwa elfu mbili na sita.
Ananyoa ndevu.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala.
Hili nalijua; kazini natupa glavu ambazo hazijavaliwa.
Nikakopa kikoba, na riba yake,
mwekahazina akaniuliza nani anaumwa.

Ulipotoka, ulionekana mzima, meno yote yapo.
Mkwizu akaukunja kinyume, upande wa mgongo:
nyufa, nyufa, kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi kizima.
"Ungefika Novemba?"
Akapandisha mabega. "Ungeweza. Na kesho ungeweza kukatika."
Sikupata jibu bora zaidi ya hilo, na nililipia.

Niliwasha. Mngurumo uleule.
Laki nne na ishirini, na sikio halijapata chochote.

Kabla hajafunga boneti nilitoa mfukoni plasta ya wodini,
ile nyeupe, inayong'ang'ania,
nikaandika kwa kalamu ya wino mzito:
mkanda mpya, tarehe, mwezi,
mwaka kwa tarakimu nne,
na chini yake, kwa atakayelinunua,
awe wa Mbagala au wa Lubumbashi:
*mita ya gari hili ni mwongo.*