Ng'onda Watangulie

Miaka ishirini na sita nimepanga ng'onda makashani,
tumbo juu, mkia huku, mkia kule,
na juu ya kila kasha nimegonga muhuri: CÁDIZ.
Jina hilo nimeligonga mara nyingi
kuliko nilivyomwita mwanangu chakula kikipoa.

Huku Kristiansund, Novemba hii,
jua hutoka saa tatu na ushei,
likachungulia kama mgeni aliyekosea nyumba,
likaomba radhi, likaondoka.

Basi nimekata tiketi.
Machi, tarehe kumi na mbili: Oslo, Madrid, halafu treni.
Simu ilinikataa mara mbili,
haikukitambua kidole changu; chumvi imekilamba alama zote.
Mara ya tatu ikanihurumia.

Borghild, jirani yangu wa meza, aliwahi kwenda Alicante siku nane,
na tangu hapo Uhispania nzima ni yake.
Mafuta ya jua, namba hamsini, usibishe.
Ukila kabla ya saa tatu usiku watakucheka.
Kofia. Sarafu za chooni.
Mchana maduka yanafungwa, nawe lala.
Nimeandika yote nyuma ya karatasi ya mshahara
isipokuwa hilo la kulala mchana.
Mama yangu angefufuka.

Msimamizi wetu Asbjørn anauliza, Cádiz kuna nini?
Si uende Kanari, kila mtu huenda Kanari,
hata kahawa wanakupikia kama ya kwetu.
Nikamjibu: Kanari sijawahi kuwapelekea kitu.

Sanduku ni la shangazi Ågot.
Lilisafiri mara moja tu, hadi hospitali ya Bergen,
likarudi peke yake.
Kibandiko cha wodi bado kipo mpinini. Sijakibandua.
Ndani nimeshatia gauni la mikono mifupi
nililolinunua kwa ajili ya harusi
siku ambayo mvua haikukatika.

Kwenye simu nimeiweka miji miwili, mmoja juu ya mwenzake.
Hapa: nyuzi mbili, theluji maji.
Kule: kumi na tisa, na kiduara cha njano.
Nakitazama kabla ya kunawa uso.
Jua silijui, nalijua kwa picha.
Miaka yote hii nimeliota jua;
kuota jua, hasa, mgongo ukutani, macho nimeyafumba,
bila mtu kuniuliza nimemaliza kazi gani,
sijawahi.

Wananiambia kuna kanisa lenye kuba la njano, kuna ufuo.
Nitapita, nikipata nafasi.
Mimi nakwenda sokoni.
Nataka kusimama mbele ya meza ya mama mmoja,
nimeshampa jina, Remedios,
nimwone akimtoa ng'onda, akimgonga kwa kucha,
akimnusa, akimsema kwa mwenzake.
Anamsemaje?
Huwezi kufunga kitu robo karne
usitake kuona mikono inayokifungua.

Eirik, mwanangu, amenifundisha sentensi tatu za Kihispania.
Nazisema kwenye kelele za mashine ya barafu,
hapo hakuna wa kunisahihisha.
Ya kwanza ni salamu, ya pili ni bei gani.
Ya tatu: samaki huyu namfahamu.

Jana Asbjørn alipotoka kuvuta sigara
nilichomeka karatasi katikati ya ng'onda wawili,
nimeiviringisha nailoni mara tatu.
*Naitwa Målfrid. Mpangaji ni mimi.
Nakuja Machi. Nitakuwa na gauni la bluu
na sitajua nikae wapi.*

Borghild aliniona.
Akaikunjua, akaisoma kwa utulivu, miwani puani,
akairudisha palepale, akasukuma kifuniko.
"Umeandika Kinorwe, we mjinga," akasema.

Tukalifunga hivyo hivyo.
Nikagonga muhuri.