Nukta ya Hamsini na Sita

Ghorofani, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
juu ya duka la spea za baiskeli,
nina njia tatu za kupiga muhuri mmoja.
Ya kwanza niliiandika mimi, mwaka juzi.
Ya pili niliiandika mimi pia, huiamuru chipu ana kwa ana,
nyepesi kama ulimi wa mdai.
Ya tatu kaileta Mwanamkasi, aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu:
ya polepole, hatua baada ya hatua,
kama mtu anayevuka tope, viatu mkononi.

Kazi yangu ni kuzisaili.
Maneno yaleyale ndani, alama ileile nje,
la sivyo kuna anayesema uongo.

Nilianza na kimya.
Nikazipa kitu kisicho na herufi hata moja
na zote tatu zikajibu: e tatu, b sifuri, c nne nne mbili, zikaendelea.
Hunishangaza bado
kwamba hata utupu una alama yake ya kidole.
Nikazipa a, b, c. Zikalingana.
Chini, fundi Shemdoe alikuwa ananyoosha rimu:
spoku, sikio, spoku, sikio.

Mwanamkasi akasema, zipe baiti za watu wazima.
Na Tanga ukitamka baiti, sikio husikia beti.
Akatunga palepale, mizani nane mara tatu,
akihesabu kwa vidole mezani:

Mkonge hauna neno ila uzi hutamka, fundo halirudi nyuma

Herufi, nafasi na mkato: hamsini na tano.
Zikalingana.
Lakini mtunzi haachi mstari wake mlango wazi.
Akaweka nukta.

Ya kwanza na ya pili: alama moja.
Ya tatu: nyingine kabisa, si ndugu, si jirani.

Nilitabasamu, nakiri. "Wengi wape," nikamwambia,
"rudi kwenye yako."
Hakubisha. Aligeuza risiti ya luku, akachora behewa.
Viti sitini na nne.
Kimoja cha alama ya kufungia,
vinane vya kuandika idadi ya abiria.
Hamsini na tano wanaenea barabara.
Wa hamsini na sita
anataka behewa la pili.
"Yangu inaunga behewa," akasema.
"Zako, kaka, huyu abiria zinamweka wapi?"

Nikafungua waraka wa wenye kanuni,
ukurasa nilioruka mwaka juzi kwa haraka ya chakula cha mchana,
penye mfano wa herufi hamsini na sita kamili.
Ya kwanza ikaanguka.
Ya pili ikaanguka vilevile, upande uleule,
maana mkia wake niliunakili kutoka kwa ya kwanza,
na kosa lake, na hata maelezo niliyoyaandika pembeni:
"hapa pako sawa."
Mashahidi wawili, kinywa kimoja.
Kinywa changu.

Ghala la Pongwe
limepiga muhuri wangu kwenye stakabadhi za mkonge miaka miwili.
Ngapi zina urefu ule?
Nilihesabu usiku, feni ikikwaruza, mpaka adhana.
Kumi na saba.
Moja ni ya Bi Nakiete wa Muheza, robota arobaini,
mama asiyejua kwamba jina lake refu
ndilo lililomjaza abiria mmoja wa ziada.

Sasa vipimo vinaanzia sifuri,
vinakwenda moja moja hadi mia tatu, bila kuruka,
na ya polepole ndiyo inayotangulia;
zangu mbili zinajibu nyuma yake kama watoto wa chuo.
Mstari wa Mwanamkasi nimeuacha humo,
mara mbili:
mara moja wazi,
mara moja na nukta.

Asubuhi hii natafuta nauli ya Pongwe.
Sijajua nitaanzaje kumweleza mwenye ghala
kitu kidogo namna ile.