Mwezi Usiojazwa

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi
napanda kijia cha mgongo wa Ruhija
kabla ukungu haujaamua ulale wapi.
Darubini shingoni, kalamu ya risasi sikioni
(wino hulia mvuani, risasi haina machozi),
viazi viwili vya jana mfukoni.

Miti mia mbili na kumi na minne.
Kila mmoja una kibati chake cha namba,
isipokuwa wa themanini na saba:
tembo alijikuna pale, akaondoka na namba.
Mahali fulani bondeni
yupo tembo aliyesajiliwa.

Nainua uso mpaka kisogo kiguse kola.
Maua: sifuri. Matunda mabichi: sifuri.
Mabivu: sifuri. Majani machanga: moja, labda.
Nafuta "labda".
Fomu haina safu ya labda.

Mke wangu Kyomukama aliniuliza, mwaka ule wa kwanza,
"Wanakulipa uende ukaone kwamba hakuna?"
Nikamwambia ndiyo,
na mwezi ujao niende nikaone kama bado hakuna.
Alicheka hadi kibuyu cha obushera kikamwagika.

Wanafunzi wamekuja, wamekwenda.
Wameshuka na sifuri zangu mabegini,
wamerudi wakiitwa madaktari.
Sina kinyongo. Sifuri hazipungui kwa kuchotwa.
Ule omumba, wa mia na tisa,
umenikalia kimya miaka kumi na mmoja,
gome lake likinuka uchungu kila nikiliegemea,
nami nimekiandika kimya chake mwezi kwa mwezi
kama karani wa mahakama asiyeruka hata kikohozi.

Juzi kaja Natukunda, wa Makerere, viatu vipya,
kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki.
Akayapanga mezani madaftari yote ishirini na mawili,
hata lile la tisini na nane lililoliwa pembe na panya.
Kidole chake kikasimama.
"Mzee Tibenda, hapa hapana kitu. Aprili nzima.
Niweke sifuri?"

Nikasema hapana.
Sifuri ni mtu aliyekwenda, akatazama, akakosa.
Hapa sikwenda.

"Basi mashine itakadiria. Inachukua Machi,
inachukua Mei, inashona katikati."

Nikautazama ukurasa ule mweupe.
Mwezi ule tulimbeba mama kwa engozi,
wanaume wanane tukipokezana mabega,
tope likituvua viatu,
tukiteremka kuelekea hospitali.
Mvua ilinyesha, sijui milimita ngapi.
Kwenye kona ya mianzi akasema, "Nitueni kidogo,"
tukamtua,
na tulipomwinua tena
tuligeuza uso wa njia, tukapanda kurudi nyumbani.
Pale tulipomtua palikuwa na mti.
Ulikuwa na maua, au haukuwa nayo.
Sikuinua macho.

"Usishone," nikamwambia.
Hakuuliza. Akaweka kistari kidogo tu,
akafungua ukurasa wa Mei.

Jumatatu hii tumepanda wawili.
Viatu vyake havikuwa vipya tena kufika mti wa arobaini.
Kwenye wa mia na tisa nikampa darubini kwanza.
Akakaa nayo muda, shingo nyuma,
matone ya ukungu yakimdondokea mdomoni.
"Labda," akasema.

Nikatoa kiazi, nikakimega.
Tazama tena.