Mvua ya Mawe, Igogo

Zamu ya usiku iliisha saa kumi na moja na nusu.
Nilivua aproni, nikabaki na buti za kiwandani
kwa sababu ndala zangu ziliibwa Jumanne
na mlinzi anasema hakuona kitu,
yeye analinda samaki.

Kule ndani tunapanga minofu ya sangara,
hasi ishirini, pumzi inakutoka
kama moshi wa mtu asiyevuta.
Kope zinashikana. Vidole vinasahau kazi katikati ya kazi.
Nikimsimulia kaka yangu Lushinge, anacheka:
"Baridi yako ina mlango, Kashinje.
Yangu haikuwa na mlango."

Miaka sita alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro:
mahema, mitungi ya gesi, safari moja choo cha kukunja
cha mama aliyemwita kwa jina la mtu mwingine
mpaka siku ya kushuka.
Vidole viwili vya mguu wa kushoto aliviacha huko juu.
Ndivyo anavyosema, aliviacha,
kama mwavuli uliosahaulika kwa shemeji.
Akarudi Mwanza, akapanda hadi chumba chetu cha juu kabisa,
pale jiwe limeegemea jiwe
na nyumba imeegemea yote mawili,
na tangu masika yaliyopita hakushuka tena.
Maji nampandishia. Vocha nampandishia.
Habari za mjini nampandishia zikiwa zimepoa.

Asubuhi ile mbingu ilipasuka nikiwa getini.
Mvua ya mawe juu ya mji wa mawe.
Kwanza punje moja kwenye bati la kibanda, tang!
kama muuza duka anayeijaribu sarafu,
halafu sarafu zote za dunia kwa mkupuo.
Ziwa likachemka bila moto.

Ilipokoma, kilima kilikuwa cheupe.
Sijawahi kuiona Igogo hivyo:
ngazi zimezikwa, maganda ya ndizi yamezikwa,
mfereji wenye ugomvi wa majirani umezikwa,
na kuku mmoja kasimama kwa mguu mmoja,
anabadilisha, anaudhika.

Nikaanza kupanda. Hatua tatu, nateleza mbili.
Mama Ng'wasi alinipita akishuka kwa makalio,
ndoo kifuani, bila kutaka,
akanisalimu vizuri tu, "Mwangaluka,"
akaendelea na safari yake.

"Usikanyage kwa unyayo mzima!"

Sauti kutoka juu.
"Chimba kwa ncha ya buti. Ngoja. Sasa weka uzito."

Alikuwa kwenye kona ya jiwe la popo,
na viatu vya mlimani nilivyodhani aliviuza,
sepetu mkononi, anachonga ngazi ndani ya barafu,
moja, anaikanyaga, anaiamini, anachonga nyingine.
Nyuma yake watoto saba wa madrasa na wa shule
wakitia miguu yao midogo ndani ya alama zake,
ile ya kushoto ina upungufu,
nao waliufuata upungufu huohuo.

"Mjomba, hii ndiyo theluji?"

Akaokota punje, akaitafuna, akatema.
"Hapana. Hii inapiga kelele kama watu wa kwetu.
Theluji haibishi hodi.
Inakukalia tu, taratibu, mpaka ukubali."
Akanyamaza. Sepetu ikanyamaza.
Kisha akaugonga mguu wake kwenye jiwe, mara mbili,
kama mtu anayeuliza kama kuna mwenyeji.

Tulishuka, mimi niliyekuwa napanda.
Sikumbuki nani aliamua.
Saa mbili jua likatoka, na ngazi zake zote,
kazi nzima ya asubuhi,
zikatupita miguuni zikikimbilia ziwani.

Pale barabarani alisimama muda mrefu, mikono kiunoni.
Magari, madereva wa bodaboda, mtu anauza soksi.
Alitazama juu, kwenye bati letu dogo kama stempu,
akaupima mlima kwa macho,
macho ya kazini, nisiyoyajua.

"Kupanda tutapanda," alisema.
"Lakini kwanza andazi.
Na wewe ndiye mwenye mshahara."