Sindano Mbili

Daktari Fauz alinikabidhi kioo cha mviringo,
akanambia, "Cheka, Bi Mwanajabu."
Nikacheka. Kona za macho zikajikunja
kama ukili ulioachwa juani.
"Sasa nyamaza."
Nikanyamaza. Hazikuondoka zote.

Akatoa kalamu ya zambarau, akanichora
kama seremala anayepima mlango.

Kuna sindano, alisema. Dakika kumi,
misuli inalala, ngozi inatulia.
Baada ya miezi minne inaamka, nawe unarudi.
(Kumbe uso nao una kodi.)

Kuna leza: mwanga unaunguza ngozi ya juu
ili ya chini iote upya.
Wiki mbili usione jua.
Usione jua, Malindi hii!
"Na kwa rangi yetu," akaongeza akitazama dirisha,
"huenda yakabaki mabaka."

Kuna dawa ya kuchubua, rahisi kuliko zote.
Hapo sikumwacha amalize.
Nilikuwa na jirani aliyejipaka mkorogo
hadi akawa anaogopa jiko lake mwenyewe.

Na kuna kisu: kope ikatwe, ishonwe.
"Kwa uzi gani?" nikauliza.
Akanikodolea. Hawamuulizi hivyo
mabibi wa Kitaliano wanaotoka Casuarina.

Mimi uzi naujua. Miaka thelathini na mmoja
nazungushia vitundu vya kofia,
stima ikikatika nawasha koroboi,
nakaza jicho la kushoto kuliko la kulia.
Tazama, kushoto ndiko kwenye mikunjo mingi.
Huu wa juu ni kofia ya arusi ya Twaha,
miezi minne kamili,
muda uleule wa sindano yake daktari.
Huu mfupi ni kofia ya baba yake Twaha.
Ilibaki nusu. Ninayo.

Bei aliiandika kwenye karatasi, hakuitamka.
Nikagawanya kimoyomoyo: kofia tatu na nusu.
Kofia tatu na nusu za kukaza jicho
ili jicho lilegee.

Sikukataa. Nisiwe mwongo,
kioo kile nilikirudia mara tatu.
Nikauliza tu: misuli ikishalala,
nitaweza kulifinya jicho nilione tundu?
"Kidogo," akasema. "Si kama sasa."

Nina kofia ya mjukuu, ya kuvaa Idi.
"Basi niandikie Mfunguo Pili," nikamwambia,
naye akaandika.

Nje niliufuta wino kwa ncha ya leso.
Wa kulia ukatoka.
Wa kushoto ukagoma.