Damu Mpya

Kurasa za nyuma za daftari la Zahabu,
baada ya hesabu za sehemu na ramani ya mikoa,
ndimo ulimo ukoo wote wa simbilisi wangu.
Jike namba saba: gramu mia tisa na tano,
kazaa wanne, wote hai.
Jike namba tisa: wawili, mmoja kafa na baridi.
Mzani ni wa iliki. Marehemu aliniachia huo
na deni la dukani.

Wananiambia mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Lakini jembe halizai.
Mzito, mpole, mwepesi kunenepa kwa mabingobingo matupu,
huyo abaki.
Mwenye nyota usoni, kipenzi cha Zahabu,
gramu mia nne kwa miezi mitatu,
huyo gulioni Jumatano.
Zahabu hakula siku ile.
Nami nilisonga ugali nikijifanya sioni.

Mwaka wa tatu mzani ukaanza kurudi nyuma.
Akazaliwa mmoja jicho halifunguki,
mwingine miguu kama uzi.
Bwana mifugo akachungulia banda, akafunga daftari:
"Mama, hawa wanaoana kaka na dada.
Tafuta damu mpya."

Damu mpya ipo hatua arobaini kutoka mlangoni,
bandani kwa Shechambo,
ng'ambo ya masale aliyoyahamisha usiku
akanimegea migomba miwili.
Miaka sita hatujasalimiana,
na kijiji kinaitwa Amani.

Nilimtia tengani dume wangu bora.
Wa pili ningempa mtu ninayempenda;
kwa huyu sikutaka aone kasoro.
Akampokea bila karibu,
akampapasa mgongo, akamfunua meno,
akapuliza manyoya atazame ngozi.
"Kilo ngapi?"
"Moja na robo."
Akaingia ndani, akakaa sana,
akatoka na mwekundu, mzito, anayekoroma.

Siku sitini na nane.
Jike namba saba kazaa watano.
Zahabu kaandika kwa mwandiko wake wa kulala,
baba: wa Shechambo,
akauliza kama sasa sisi na wale ni ndugu.
Nikamwambia shika mzani vizuri, unayumba.

Masale bado yako palepale alipoyahamishia.
Juzi nikienda kukata majani
niliyahesabu tena.