Wa Mia na Arubaini na Tatu

Kijitabu cha mchezo kilisema viumbe ni mia na arubaini,
basi.
Kaka yangu Khelef akasema: kijitabu hakijafika Mtemani.

Ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi.
Betri nne tulizianika juu ya jamvi, katikati ya zao,
zipate jua, roho ziwarudie.
Mama alipokuja kugeuza karafuu
akazikuta zimelala humo kama mende waliovimba,
akazitupa uani. Tukaziokota.
Zilinukia mwaka mzima.

Mashine ilitoka Maskati, sandukuni mwa shangazi Zuwena,
imeviringishwa kanga, na kaseti yake ya Kijapani.
Hatukujua hata herufi moja.
Tulisoma kwa umbo: ile kama ndoana ndiyo "piga",
ile kama mtu aliyechutama ndiyo "kimbia",
na ile ndefu yenye vidoti viwili usiiguse, inafuta kila kitu.
Tuliigusa. Mara mbili.

Njia ya kumwita alitufunza Mbarouk wa Jadida:
fuata ukuta wa magharibi mpaka ukuta uishe,
halafu endelea kutembea.
Hatua saba ndani ya weusi. Usihesabu kwa sauti.

Akatokea.
Nusu yake mnazi, nusu yake tarakimu,
na pahala pa jicho kipande cha paa
la nyumba tuliyoiacha mji wa nyuma.
Jina lake: mraba, mraba, nafasi, ndoana.
Sauti yake mlango wa bati
unaofunguliwa na mtu mwenye haya.

Kaseti ya Mbarouk ilikuwa ya Kijerumani.
Ukuta ule ule, hatua zile zile,
akaja mwengine, mwembamba kama bomba la mvua,
jina limejaa mpaka limepasuka,
herufi zimemwagika nje ya kisanduku
zikaenda kukaa juu ya bahari.
Na kwa mtoto wa daktari, ya Kiingereza,
hakuja mtu. Skrini nyeupe,
ngoma ya vita inapigwa, inapigwa.

"Ni yule yule," akasema Khelef.
"Siye. Wetu ana jicho la paa."
"Namba yake ngapi?"
Mia na arubaini na tatu. Kote.

Tulipounganisha waya, wetu avuke kwa Mjerumani,
mashine zote mbili ziliganda,
na miezi minne ya kuhifadhi ikaenda na maji.
Khelef alisema lile ni jasho.

Siku hizi najua: mashine ikitafuta jina pasipo jina
husoma kilicho jirani,
bei ya dawa, kona ya ukuta, nusu ya kwaheri,
ikakivisha mwili.
Kila lugha ina majirani wake.

Nakaa dirisha la tatu, ofisi ya vitambulisho.
Jana alikuja Bi Mize Shaame Faki na karatasi tatu.
Kadi ya kliniki inamwita Miza Shame.
Hati ya shamba: Mzee Shaame, mwanamme.
Daftari la zamani limeandikwa kwa herufi za Kiarabu,
karani alisahau nukta,
mchwa wakasoma nusu iliyobaki.

Nikaandika Mize. Mashine ikasema mtu huyu hayupo.
Nikaandika tena, polepole, kama anayebembeleza.
Ikanipa miraba miwili na nafasi.
Bi Mize akatoa miwani, akainamia kioo:
"Ndo miye huyo?"

Nikamwomba anisubiri kidogo.
Nikatoka nyuma, penye jenereta,
nikampigia Khelef. Anauza matairi Maskati.
Nikamwambia, nimemwona.
Hakuuliza nani.
Aliuliza, "Wa lugha gani?"